Muosha Aliyetoka Kabla ya Kafuri

Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Nalisema hilo mapema kwa sababu bila hilo habari ya kibofu changu haina uzito. Wanawake wengi wa umri wangu wana kibofu kinachowapeleka mbio, na wanaishi nacho kimya kimya, wakijua kila choo kilichopo kati ya nyumbani na sokoni. Mwenye duka humwambia mteja asubiri kidogo. Mpishi hufunika sufuria akaenda. Muosha hana namna ya kumwambia marehemu asubiri.

Hapa Kisenyi, Kampala, maiti wengi bado huoshewa nyumbani, katika chumba cha nyuma, huku gereji za jirani zikigonga mabati na wanaume wameketi nje kwenye viti vya kukodi. Aliyenifundisha kazi alikuwa jirani yetu, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima ulimwita Hajati. Mimi nilimwita Bibi, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Wazee wake na wazee wangu walifika Buganda na misafara ya pwani, wakabaki, na mpaka leo majumbani mwetu tunasema Kiswahili. Watu wengine wa Kampala wakitusikia hututazama mikono kwanza, maana kwao Kiswahili ni cha askari na cha wezi.

Bibi alinichukua miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Wakati ule ugonjwa wa kukonda, yaani ukimwi, ulikuwa unaingia nyumba hata nyumba, na waosha wengi wakawa wakiitwa hawaonekani. Waliogopa, na siwalaumu. Bibi alikuja kwetu asubuhi moja akamwambia mama yangu, "Huyu binti yako ana mdomo mkali lakini ana mikono mitulivu. Nipe." Mama akanitoa kama mtu anayeazimisha kinu.

Kitu cha kwanza nilichojifunza kwake hakimo katika vitabu. Kabla ya kuosha, maiti huinuliwa kidogo, akaegemezwa, na tumbo likabonyezwa taratibu ili kilichobaki kitoke. Mara nyingi maji hutoka. Mara ya kwanza nilipoyaona niligeuza uso. Bibi hakunikemea. Alimwinamia yule marehemu akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayembadilisha mtoto nguo, "Hakuna neno, mama. Hakuna neno." Kisha akamwagia maji. Baadaye aliniambia kwamba maiti ana haya kuliko sisi, kwa kuwa sisi tunaweza kujifunika. Tangu siku hiyo nami nikawa nasema hivyo hivyo kwa kila niliyemwosha, awe tajiri au kijakazi.

Kitu cha pili kilikuwa mlango. Mlango wa Bibi ukifungwa haukufunguliwa mpaka sanda imefungwa. Hiyo nayo si sheria ya dini, ni yake. Alikuwa na sababu. Watu waliokaa nje wanangojea kumsoma muosha usoni. Akitoka amekunja uso, watasema marehemu alikuwa na jambo. Akitoka mapema, watasema zaidi. Siri ya chumba kile ni amana, na Bibi aliilinda kwa kitasa.

Sasa kibofu. Kilianza baada ya hedhi kukoma, pole pole, kama mgeni aliyesema anakaa siku mbili. Mwanzoni niliamka zaidi usiku. Halafu nikawa nikifika mlangoni kwangu na kutoa ufunguo, hapo hapo kinanishika, nami nahangaika na kufuli huku nimebana miguu. Kibaya kuliko vyote kilikuwa mlio wa maji. Bomba likifunguliwa, au mtu akimimina maji kwenye beseni, kibofu changu kinaitikia kama kimeitwa kwa jina. Fikiria basi mtu wa namna hiyo kazi yake ni kumimina maji, tena pole pole, tena kwa saa nzima na zaidi.

Nilijisaidia kwa hila. Siku ya kuosha sikunywa chai wala maji. Nilijifunga matambara. Nikimaliza nilikuwa wa kwanza kutoka, watu wakidhani nina huzuni nyingi. Sheikh niliyemuuliza kuhusu udhu alinijibu vizuri, kwamba dini ni nyepesi na mwenye udhuru atawadhe kila ukifika wakati wa sala. Lakini hakuna sheikh wa kuniambia niufanye nini mlango wa Bibi.

Siku iliyoniangusha tulikuwa tunamwosha mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mwanamke mwema, ameacha binti mmoja tu. Tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mwenzetu mmoja ambaye ni mkubwa kwangu na hupenda kunikumbusha hilo. Tulikuwa tumemaliza upande wa kuume na wa kushoto, yamebaki maji ya mwisho, yale ya kafuri. Mimi ndiye niliyeshika birika. Nikamimina kidogo, nikasikia kinakuja. Nikabana. Nikamimina tena. Hapo nikajua sitaweza. Nikaweka birika chini, nikafungua mlango na kutoka mbio, mikono imelowa, mguu mmoja una ndara na mmoja hauna.

Uani kulikuwa na wanawake wengi. Waliniona nikipita. Hakuna aliyeuliza.

Kufikia alasiri ilisemekana muosha amekimbia kwa alichokiona. Kufikia magharibi uso wa marehemu ulikuwa umegeuka mweusi. Siku ya pili nilikutana na muuza mkaa akanieleza mimi mwenyewe, bila kunitambua, kwamba kuna mama alitokwa na nyoka mdomoni kwa sababu ya kupunja watu vitambaa. Nikamwambia hakuna kitu kama hicho. Akanijibu, akiniita bibie kwa Kiganda, "Lisemwalo lipo, nnyabo." Nilitamani kummwagia mkaa wake kichwani.

Niliumia, na si kwa ajili yangu. Kazi yetu nzima ni kumsitiri mtu asiyeweza kujisitiri, na mimi kwa mkojo wangu nilikuwa nimemvua nguo mwanamke mwema mbele ya mji.

Siku ya tatu tulikusanyika nyumbani kwa marehemu kwa dua. Yule binti aliketi pembeni, macho yamevimba, na wanawake waliokuwa wakila pilau yake walikuwa wakinong'onezana juu ya sahani. Sikuweza kula. Dua ilipokwisha nikasimama. Sikuwa nimepanga maneno, nami nikiwa sijapanga huwa sina adabu.

"Jamani, nisikilizeni," nikasema. "Siku ile nilitoka kwa ajili ya mkojo. Marehemu hakuwa na lolote. Uso wake ulikuwa mzuri, naapa kwa Mungu, alikuwa kama aliyelala baada ya sala. Mwenye kasoro ni mimi. Kibofu changu kibovu. Nilitoka mbio, na choo chenyewe sikukifikia."

Msichana mmoja akacheka puani, mama yake akamfinya. Mimi nilikuwa bado nimesimama, sijui nikae au niende zangu. Ndipo Bibi, kwenye kiti chake karibu na mlango, akasema kwa sauti ile ya chini niliyozoea kuisikia chumbani tu, "Hakuna neno, mwanangu. Hakuna neno."

Yule binti akainuka akaniletea chai. Nikainywa yote mbele yao, na matokeo yake ni siri yangu.

Jina la marehemu lilisafika. Langu likaenda kwingine. Yule mwenzetu mkubwa alisema, na wengine wakaitikia, kwamba ni afadhali nipumzike. Hakusema kwa ubaya. Nilikaa nyumbani nikisikia misiba inatangazwa msikitini na hakuna anayekuja kuniita. Sikujua kwamba mtu anaweza kuutamani msiba.

Bibi alikuwa ameanza kuugua wakati huo. Sukari ilikuwa imemla miguu, moyo nao umechoka, na binti yake wa Kansanga alikuwa amehamia kwake kumtunza. Nilikwenda kumwona, akaniambia nifunge mlango.

"Nimeweka wasia," akasema. "Wewe ndiye utakayeniosha. Mwosha huoshwa, nami nataka mikono ninayoijua."

"Bibi, mimi nimepumzishwa."

"Basi jitibu. Unadhani mimi nitakungoja miaka? Mficha maradhi kilio kitamfichua. Wewe kilio kimeshakufichua, huna cha kuficha tena. Nenda kwa daktari."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda hospitali, kwa kutumwa na mtu anayekufa. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole. Alinipima mkojo, akasema hakuna uchafu ndani yake wala jiwe. Akasema kibofu changu kinashtuka kabla ya kujaa, basi. Akanipa vidonge. Vidonge vilinikausha mdomo mpaka ulimi ukawa unagandamana na kaakaa katikati ya Fatiha, na tumbo nalo likafunga. Nikarudi. Akazungumzia sindano za kupigwa kibofuni, nami nikamwambia mimi nimeshaona miili ya kutosha iliyopasuliwa na kudungwa, asinisumbue. Hakukasirika. Akasema kuna njia nyingine isiyo na kisu wala sindano, ya kupitisha umeme mdogo mguuni.

"Mguuni," nikasema.

"Mguuni, Hajati."

Mimi sijahiji, lakini sikumsahihisha. Akaniandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo huko Makindye.

Kwenda Makindye kwa bodaboda na kibofu cha namna yangu ni mtihani wa peke yake, kwa kuwa kila shimo linauliza swali. Nilifika nikaomba choo kabla ya kusalimia. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kikongo, kutoka Bukavu, mkimbizi kama wengi wa kule, mlokole, mrefu, ana redio ndogo inayoimba kwaya siku nzima. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja na picha ya mtu aliyechunwa ngozi inaonyesha mishipa. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa watu wa kiharusi na wa migongo. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi.

"Mama, uko na mashini ku roho, ile inasaidia roho kupiga?"

"Sina," nikasema, nikielewa kwamba roho kwao ni moyo.

"Uko na mimba?"

Nikamtazama.

"Njo kazi, mama. Naulizaka bote." Maana yake huwauliza wote.

Akanilaza, akanipangusa mguu wa kushoto kwa pamba yenye spiriti, akabandika kibandiko kimoja nyuma ya kifundo upande wa ndani, na kingine juu yake kiasi cha upana wa kiganja. Nyaya mbili zikaingia kwenye kisanduku kidogo. Akanieleza kwa kunionyesha kwenye ile picha kwamba mshipa wa fahamu unaopita pale kifundoni unapanda mpaka chini ya mgongo, na huko unaingia mlango mmoja na mshipa wa kibofu. Kibofu changu kinapiga kelele bila sababu. Ukiushughulisha ule wa mguu, ule mwingine unajifunza kunyamaza. Akasema haimfai kila mtu, na anayefaidika huona baada ya wiki nyingi.

"Ukisikia inauma, unasema. Ile tunatafuta ni kidole icheze."

Akazungusha kitufe. Nikasikia chungu wanatembea chini ya ngozi, kutoka kifundoni kwenda unyayoni. Halafu kidole gumba kikaanza kuinama chenyewe, kikiinuka na kuinama. Nilikitazama kidole changu mwenyewe nikaona aibu, kama mtoto wako anapofanya utundu nyumbani kwa watu. Nimeosha vidole vya miguu ya wanawake mpaka sijui idadi, na sijapata kuona kimoja kikitikisika bila idhini ya mwenyewe. Ningekiona mle chumbani ningekimbia kweli.

Nilikwenda kwake kila wiki. Baada ya muda akaniazima kisanduku nikae nacho nyumbani, nijifanyie mwenyewe siku kwa siku, maana ile safari ilikuwa inaniharibu kuliko inavyonitengeneza. Alinionyesha kila kitu. Nikarudi nimekibeba kwenye kikapu chini ya mchicha.

Nyumbani hakikufanya kazi.

Niliketi kila siku baada ya sala ya adhuhuri, nikabandika, nikazungusha kitufe, na kidole kimelala. Nikaongeza, kikaendelea kulala. Vibandiko navyo vilikuwa vinateleza na kuanguka, nikavifunga kwa ukanda wa kanga kuukuu. Nikaongeza mpaka kitufe kikagoma. Mara moja moja nilisikia mchomo kidogo pembeni, basi. Kibofu kikarudia tabia zake zote, na mimi nikaanza kumtilia shaka yule mlokole. Nikawaza labda pale kwake ni redio yake inayofanya kazi.

Nilimrudia nikiwa nimejaa maneno. Nikaweka kikapu mezani na kumwambia mashine yake imekufa. Aliinama akanishika mguu, akauachia, akatazama vidole vyake vinavyong'aa.

"Mama, unapakaa nini ku muguu?"

"Mafuta ya simsim."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi nimesimama kwenye maji ya sabuni na kafuri maisha yangu yote. Nisipopaka, nyayo zinapasuka kama udongo. Nikishatawadha na kusali napaka, halafu ndio nakaa na mashine yako."

"Unapakaa, halafu unabandika."

"Ulitaka nikae na mguu mkavu? Nami niko mbele ya dawa, lazima niwe nadhifu."

Akaketi kitandani akacheka mpaka akafunika uso kwa mikono. Pale kwake alikuwa akinipangusa kwa spiriti kila mara, nami nikidhani ni desturi tu, kama ya watu wa sindano. Ilikuwa ni kwa ajili ya kuondoa mafuta yangu.

"Mafuta inakatala moto kupita, mama. Uoshe na sabuni, upanguse, ikauke. Mafuta utapakaa nyuma." Moto kwao ni umeme, na nyuma ni baadaye.

Mtu aliyeosha nusu ya wanawake wa Kisenyi akaambiwa aoshe mguu. Nikarudi nyumbani nikauosha kwa sabuni, nikaukausha, nikabandika na kuwasha, nikasahau kwamba kitufe nilikiacha juu kabisa. Mguu uliruka wenyewe ukapiga sinia ya chai. Nikalia na kucheka kwa pamoja peke yangu sakafuni, nikiokota vikombe.

Kuanzia hapo nikawa nakwenda kukaa kwa Bibi. Nilibeba kisanduku changu, nikaketi kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikanyoosha mguu. Yeye alikuwa hatoki tena. Alikipenda sana kile kidole. Kikianza kucheza alikuwa akigonga ukingo wa kitanda kwa mkono, kukipigia mwendo, akisema kimeingia kwenye kasida. Akamwita binti yake aje kukiona, na binti naye akawaita majirani, nami nikalazimika kuweka amri kwamba hakuna kuingia.

Nilimweleza kwamba yule Mkongo amenifundisha jambo jingine: kibofu kikiniita nisikimbie. Nisimame pale pale, nikaze chini mara chache, nivute pumzi na kukunja vidole vya miguu, nikingoje kipite. Kikishapita ndio niende, kwa miguu ya mtu mwenye akili. Nikasema nyumbani naweza, lakini mlio wa maji bado unanishinda.

Bibi akasema nimpe kile kikombe chake na lile beseni la kunawia.

"Kaa hapo," akasema. Akachota maji akayamimina kwenye beseni, taratibu, kutoka juu, kama tunavyomimina chumbani.

"Bibi, acha."

"Kaza."

Akamimina tena. Nilikaza, nikakunja vidole, jasho likanitoka. Mara ya kwanza nilishindwa, nikakimbilia msalani kwake na kumsikia nyuma yangu akiniambia haraka haraka haina baraka. Niliporudi alikuwa amechota kikombe kingine.

Tukafanya hivyo siku nyingi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na maji mengine yakaanguka kitandani, binti yake akalalamika, yeye akamwambia anyamaze, hapa kuna masomo. Wakati mwingine alisinzia kikombe mkononi. Akizinduka anauliza, "Tumefika wapi?" nami namwambia, "Upande wa kushoto, Bibi," naye anamimina. Nilijua anajiosha mwenyewe kupitia kwangu, na yeye alijua kwamba najua. Tulicheka sana siku zile. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwambia, na mle chumbani sikumwambia vilevile, nilikaa tu na mguu wangu.

Pole pole, bandu bandu, mambo yakabadilika. Siku moja niligundua nimetoa ufunguo, nimefungua kufuli, nimeingia, nimeweka mchicha jikoni, na ndipo nikaenda. Usiku nikawa naamka mara chache. Ijumaa moja nikasikiliza hotuba nzima ya msikitini na kujua ilihusu nini. Sikupona kabisa, na yule Mkongo hakuniahidi kwamba nitapona. Kulikuwa na siku mbaya, hasa za baridi. Lakini nikaanza kunywa chai tena, chai ya maziwa yenye tangawizi, kikombe kizima, bila kuhesabu njia ya kurudi.

Bibi alifariki asubuhi, mvua ikiwa imekatika hivi punde. Binti yake alinipigia simu akashindwa kusema, nikamwambia nimesikia.

Nilifika nikamkuta yule mwenzetu mkubwa ameshasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, amefunga kilemba cha kazi. Alinitazama bila ubaya. Uani kulikuwa na wanawake wengi kuliko siku ile ya kwanza.

"Wasia tumeusikia," akasema. "Lakini ukishikwa katikati?"

"Nitabaki."

"Na kikikushinda?"

"Nimejifunga vizuri, sitamchafua. Kikinishinda kitanishinda humo ndani. Kutoka sitoki."

Akanipisha. Tukaingia, yeye, mimi na binti wa marehemu, nami nikageuza kitasa kwa mkono wangu.

Alikuwa amekuwa mdogo. Miguu yake, ambayo sukari iliila, niliifunika kwanza. Tukamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikaweka mkono uliofungwa kitambaa juu ya tumbo lake na kubonyeza taratibu, kama alivyonifundisha. Maji yakatoka, kidogo tu. Binti yake akageuza uso.

"Hakuna neno, mama," nikamwambia Bibi sikioni. "Hakuna neno."

Machozi yangu yakaangukia bega lake. Yule mwenzangu akayamwagia maji bila kusema kitu.

Tukamtawadhisha. Tukaosha kichwa, kisha upande wa kuume. Tulipofika upande wa kushoto kibofu kilinishika. Niliposikia maji yanamiminika kutoka kwenye birika kilikuja kwa nguvu, kama zamani, na nikaona mlango kwa pembe ya jicho. Nikasimama. Nikakunja vidole ndani ya ndara, nikakaza, nikavuta pumzi. Mkono wangu ulikuwa kwenye mbavu zake. Yule mwenzangu aliacha kumimina akanitazama.

"Mimina," nikasema.

Akamimina. Nikangoja, na kikapita.

Kafuri niliimimina mimi. Tukamkausha, tukasuka nywele zake chache, tukamfunga sanda, nikakaza fundo la mwisho. Kisha nikafungua mlango. Wanawake wote uani waliinua macho wakanitazama usoni, kama kawaida, nami niliwaacha wanitazame watakavyo. Nikawaambia wawaite wanaume na jeneza. Halafu nikavuka ua kwenda msalani, kwa kutembea.